Msako wa Mama Gundi

Ukitaka kujua mwaka umefika wapi katika shule ile, kalenda haina kazi. Angalia mikono ya mkutubi. Shule zinapofunguliwa vidole vyake ni vya buluu kwa wino, maana vitabu vipya vimeingia na kila kimoja lazima kigongwe mhuri mara tatu: ukurasa wa kwanza, ukurasa wa mwisho, na ukurasa mmoja wa katikati anaoujua yeye peke yake, ili hata mwizi akichana mwanzo na mwisho, kitabu kijulikane ni mali ya nani. Katikati ya mwaka mikono hiyohiyo ina magamba meupe ya gundi ya unga wa ngano, kwa kuwa ndio wakati wa kukarabati. Mitihani ikikaribia, inatakata, kwani kazi ya majira hayo ni ya kidole kimoja tu, kile cha kuweka mdomoni ili watu wanyamaze. Na mwisho wa mwaka, vitabu vinapohesabiwa, inakuwa ya kijivu kwa vumbi la rafu za juu, wala hakupi mkono mpaka anawe.

Jina lake halisi alikuwa nalo karani wa mishahara, na mama mkwe wake akiwa na hasira. Wengine wote, kuanzia mkuu wa shule hadi mpika chai, walimwita Mama Gundi. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni hiyo gundi, aliyoipika mwenyewe kwenye sufuria ndogo nyuma ya maktaba, akiikoroga taratibu isifanye madonge. Ya pili ni kwamba akikushika kwa ajili ya kitabu, hakuachii.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kirefu kilichowahi kuwa stoo ya madawati mabovu. Kilikuwa na madirisha ya wavu, meza mbili ndefu, kabati moja la kioo lenye kufuli, na feni ya darini iliyozunguka siku ilipofungwa kisha ikaona imetosha. Pembeni palikuwa na matofali aliyoyafunga kwa magazeti, ya kukandamizia vitabu vilivyotoka kupakwa gundi. Mume wake alikuwa fundi viatu, na kutoka kwenye sanduku lake la kazi Mama Gundi alikuwa amejitwalia sindano nene na uzi wa nta, bila kuomba. Kitabu kinene kikiachia mgongo, alikishona kama soli. Mzee alikuwa akilalamika kwamba ameoa mshindani wake.

Nisije nikaonekana namsema mtu vibaya. Alipoajiriwa alikuta rafu zina mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Waliomtangulia walikuwa watu wema sana, wa "chukua tu, utarudisha," na wema wao ulimaliza vitabu. Wiki yake ya kwanza alinunua karanga barabarani, akafunua kile kikaratasi walichomfungia, akaona mhuri wa shule yake. Alikula karanga zile akilia, na hilo alisimulia mwenyewe bila aibu. Kuanzia hapo akaapa kwamba kitabu cha shule ile hakitafungia tena karanga za mtu.

Na kweli hakikufungia. Kila mtoto aliyeazima kitabu alinawa kwanza kwenye ndoo ya mlangoni, akaonyesha viganja, pande zote mbili. Kisha Mama Gundi alimkabidhi kitabu kwa mikono miwili na kumwambia maneno yaleyale, mwaka hadi mwaka: "Kisiporudi kizima, na wewe usirudi." Aliyasema akitabasamu kwa pembe ya mdomo. Walimu waliliona lile tabasamu na kucheka. Watoto, ambao kwa urefu wao waliona zaidi kidevu, walishika kitabu kifuani na kuondoka kwa adabu.

Ilikuwapo pia karatasi ya maktaba. Hii aliiomba yeye mwenyewe kwa mkuu wa zamani: kwamba mtoto asiingie chumba cha mtihani wa mwisho wa mwaka mpaka awe na karatasi iliyosainiwa na mkutubi, ya kuthibitisha kuwa hadaiwi kitabu. Wale waliosalia hawajarudisha, yeye aliwafuata. Wiki ya mwisho kabla ya mitihani alivaa viatu vyake vya kutembelea, ambavyo mzee alimtilia soli ya tairi, akaingia mitaani nyumba kwa nyumba. Shule nzima iliita jambo hilo msako. Watoto walipeana habari: Mama Gundi ameonekana kwenye kinu cha kusaga, Mama Gundi yuko kwa kinyozi. Vitabu vilichomolewa chini ya magodoro, vikafutwa vumbi kwa khanga, vikakabidhiwa mlangoni. Naye alivipokea, akavipindua, akanusa mgongo, akashukuru, akaenda zake.

Basi kila mwaka katika mkutano wa wazazi wa kufunga shule, mkuu alisoma taarifa, na ikifika sehemu ya maktaba alisema, "Hakuna kilichopotea." Wazazi walipiga makofi. Mama Gundi aliinamisha macho juu ya mkoba wake kama bibi arusi. Mshahara wake ulikuwa mdogo na chumba chake kilikuwa na joto, lakini sentensi ile ilimtosha kuvuka mwaka mwingine. Mtu akiwa na kitu kimoja cha kujivunia, atakilinda, na hatauliza sana kinalindwa kwa gharama ya nani.

Mwaka ninaousimulia, hesabu ya vitabu vilivyorudi ilikwenda vizuri mpaka vile vya wanyama. Hapo palikosekana kitabu cha ndege. Kilikuwa kikubwa, chenye picha za rangi ukurasa mzima, na kwa kawaida hakikutoka nje ya kabati la kioo. Lakini muhula huo Mama Gundi alikiazimisha mara moja, kwa binti wa mama mmoja anayefulia watu nguo. Binti yule alikuwa mtu wa kuja kila mchana, ananawa bila kuambiwa, anakaa meza ya karibu na sufuria ya gundi, anageuza kurasa kwa ncha ya kidole. Alikuwa akisoma huku jicho moja liko kwenye kazi ya Mama Gundi, jinsi anavyopaka, anavyofunga, anavyoweka tofali juu. Siku aliyoomba kwenda na kitabu nyumbani akawaonyeshe wadogo zake ndege, Mama Gundi alifikiri sana, kisha akafungua kufuli. Alimpa kwa mikono miwili. Akamwambia maneno yake.

Sasa kadi ilionyesha kwamba kitabu kimekaa nje wiki nyingi. Mama Gundi alikwenda kwa mwalimu wa darasa, aliyekuwa akisahihisha madaftari kwenye kivuli cha ofisi.

"Yule binti wa mfua nguo, mbona simwoni?"

"Hata mimi simwoni," mwalimu alisema bila kuinua kalamu. "Tangu mvua zile kubwa. Watakuwa wamehama."

"Wamehama na kitabu changu?"

Mwalimu alicheka. Mama Gundi hakuona cha kuchekesha, alikuwa ameuliza kwa dhati. Alirudi maktaba, akafunga madirisha, akaenda nyumbani kutafuta viatu vyake.

Mume wake alikuwa barazani, ameshika kiatu cha mtu kati ya magoti. Alipomwona anavuta viatu vya soli ya tairi alijua.

"Nani mwaka huu?"

"Mtoto mmoja. Nilimwamini."

"Mwonee huruma basi, mama watoto. Ukibisha hodi kama polisi, watu wanaficha hata visivyo vya wizi."

"Mimi nabisha kama watu wote."

"Mimi niko nyumba moja na wewe," mzee alisema, akapiga msumari.

Mitihani ilikuwa inaanza kesho yake asubuhi. Mama Gundi aliijua hiyo tarehe, na akaiwaza njiani, lakini aliiwaza kwa upande wa kitabu: kwamba leo ndiyo siku ya mwisho ya msako, na asipokipata leo, taarifa ya mkuu itakuwa na doa.

Nyumba alielekezwa na muuza mkaa. Ilikuwa safu ya vyumba vya kupanga, bomba moja la wote katikati ya ua, na kamba za nguo zimepita huku na huku mpaka ulilazimika kuinama chini ya mashuka ya watu usiowajua. Mama wa yule binti alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, mapovu yamefika viwikoni. Mama Gundi alipiga hodi, na kabla hajakaribishwa aliona pazia la mlango likitikisika na miguu miwili ikikimbilia ndani.

"Nimetoka shuleni," alisema. "Maktaba. Binti yako ana kitabu chetu cha ndege."

Mama alijifuta mikono kwenye kitenge taratibu. "Karibu, mwalimu. Kitabu? Mimi sijui habari ya kitabu. Mtoto alisema kichwa kinamuuma. Kesho yake tena kichwa. Nikampeleka zahanati, wakasema hana kitu. Nikamchapa, sikufichi, hakwenda. Nikambembeleza, hakwenda. Sasa nimechoka, maana na mimi nina nguo za watu." Alishusha sauti. "Mjomba wake amemtafutia kazi kwa rafiki yake mwenye duka, mji wa mbali. Atakuja kumchukua wiki hii. Nikasema afadhali, kuliko kukaa ndani anaangalia ukuta."

Mama Gundi alisikia yote hayo, na nasikitika kusema kwamba swali lake la kwanza lilikuwa, "Na kitabu kiko wapi?"

Mama aliita. Hakuna aliyetoka. Akaingia ndani, pakasikika kunong'ona, kisha kilio kidogo kilichobanwa, kisha mtoto wa kiume mdogo kabisa akatoka mbio akiwa hana suruali na kutangaza kwamba kitabu kiko chini ya kitanda na kimekuwa jiwe. Mama akatoka nacho amekishika kwa mikono yote miwili. Akakiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Kilikuwa kitabu cha ndege, kweli. Jalada lilikuwa zima na safi, kasuku yule mwekundu bado anatazama pembeni. Lakini Mama Gundi alipojaribu kukifungua hakikufunguka. Kurasa zote zilikuwa zimeshikana zikawa pande moja, gumu, zito, na pembeni ilikuwa imechuruzika na kukauka gundi nyeupe. Alikinusa mgongo, kama desturi yake. Akaijua harufu ile. Ilikuwa gundi ya unga wa ngano, yake mwenyewe, ila imepikwa na mtu mwingine.

"Njoo hapa, mwanangu," alisema.

Binti alitoka. Alikuwa amekonda. Alisimama karibu na mlango, mkono mmoja umeshika pazia, akasema shikamoo kwa sauti ambayo haikufika popote.

"Marahaba. Nani alikipaka gundi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Binti aliangalia chini. Ndipo ikatoka, kipande kipande. Mdogo wake alikuwa amechana ukurasa mmoja. Mmoja tu, wa bundi, na kwa chini tu. Yeye akaona autengeneze kabla ya kurudisha kitabu, ili mwalimu asijue. Akachukua unga wa mama kidogo, akaupika kama alivyomwona mwalimu akipika. Akapaka pale palipochanika. Akaona haitoshi, akapaka na upande wa pili. Akaogopa kurasa nyingine zisije zikachanika nazo, akazipaka mgongoni zote ili zishike. Halafu akafunga kitabu, akaweka juu yake pipa la maji, kwa kuwa hawana matofali.

"Hukuweka karatasi ya nailoni katikati," Mama Gundi alisema.

"Sikujua kuna karatasi ya nailoni."

Angejuaje? Mama Gundi huichomeka kati ya kurasa ili zisishikane, kwa mkono wa kushoto, haraka, huku mwili wake umeziba. Mtoto aliyekaa meza ile asingeweza kuiona. Alikuwa amejifunza kazi nzima kwa macho, akaikosa hatua moja, na hatua hiyo ndiyo iliyomharibia. Ukurasa uliochanika kwa chini, wa bundi. Mama Gundi angeuziba kwa kipande cha karatasi nyembamba huku anakunywa chai, wala chai isingepoa.

"Sasa mbona hukuja kuniambia?"

Binti alimwangalia kwa mara ya kwanza, akashangaa, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo muulizaji analijua.

"Wewe si ulisema? Kisiporudi kizima na mimi nisirudi."

Mama mtu alikuwa amerudi kwenye beseni lake. Mikono ikasimama ndani ya maji. Yule mdogo asiye na suruali akawaangalia wote kwa zamu, akaona hakuna mchezo, akaenda kuchezea bomba. Mama Gundi alitafuta pa kukaa. Hapakuwa na pa kukaa ila ile ndoo, basi alikipakata kitabu mapajani akakaa juu ya ndoo. Maneno yale alikuwa ameyasema kwa watoto wangapi? Kwa wote. Alikuwa akiyaona ni mzaha. Huyu aliyachukua kama amri, akatii, na kwa wiki zote zile alikuwa ameketi kwenye chumba cha giza akitii.

"Mimi nilikuwa natania," alisema mwishoni, na alipolisikia akaona ni neno dogo, halifai. Akajaribu tena. "Nilikosea, mwanangu. Kitabu ni karatasi. Kosa ni langu, si lako. Kesho ni mtihani. Uje."

"Sina kitabu cha kurudisha."

"Sijasema uje na kitabu. Nimesema uje wewe."

Binti alirudi nyuma ya pazia. Mama yake alisema kwamba habari ya mjomba ataimaliza yeye, mjomba ni mdogo wake na amembeba mgongoni, hawezi kumshinda. Lakini kama mtoto mwenyewe hataki kutoka, yeye hana nguvu tena za kumkokota. Mama Gundi aliinuka. Aliondoka na lile pande la kitabu kwapani, akiinama chini ya mashuka, na hakumbuki alipitia njia ipi.

Nyumbani mzee alikigeuzageuza kitabu, akajaribu kisu chembamba cha ngozi kwenye ukingo, akatikisa kichwa. "Hiki hakiponi. Ukikilowesha rangi zinakufa." Akakiweka chini. Ndipo Mama Gundi akamweleza. Alieleza mpaka pale kwenye ndoo. Mzee akasikiliza bila kupiga msumari hata mmoja.

"Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka," alisema kwa upole. "Wewe ulimwambia kabisa."

"Nilikuwa nacheka."

"Ulikuwa unacheka kwa upande wa juu, wanakoona watu wazima." Akatafuta namna, akakosa, akasema tu. "Binti yetu mwenyewe, unakumbuka, vitabu vyako alikuwa anavisoma majina kupitia dirisha la maktaba, akiwa nje. Alikuwa anasema ukivigusa mama anajua."

Mama Gundi alikuwa anakumbuka. Miaka yote alikuwa akiisimulia kama kichekesho. Aliingia ndani akalia kilio kirefu kuliko kile cha karanga, na mzee alimwacha alie, maana kuna vilio ambavyo ukivikatiza unavirudisha mwanzo.

Asubuhi alikuwa langoni kabla ya mlinzi. Watoto waliingia, makundi kwa makundi, karatasi zao za maktaba mkononi. Kila aliyempita alipunguza mwendo, akanyoosha kola, akaficha vidole. Alikuwa akiliona jambo hilo kila siku na kuliita heshima. Leo aliliangalia vizuri na likamuuma. Kengele ya kwanza ikalia. Kengele ya pili ikakaribia, na barabara ilikuwa tupu, isipokuwa mwendesha mkokoteni na mbuzi wake.

Kisha akawaona. Mama alikuwa mbele, amevaa nguo ya kutokea, na binti nyuma yake kwa hatua kadhaa, sketi ya shule imebanwa kiunoni kwa pini kwa sababu ya kukonda. Mama Gundi hakukimbia, ila alitembea kwa namna ambayo mzee angeitilia shaka.

Mlangoni mwa chumba cha mtihani alikuwa makamu wa mkuu, mtu wa haki na wa taratibu, anayekagua karatasi moja moja.

"Huyu hana karatasi," alisema.

"Ninaiandika sasa hivi," Mama Gundi alisema, akitafuta kalamu kwenye mkoba.

"Kitabu kimerudi?"

Mama Gundi alitoa lile pande akaliweka mikononi mwake. Makamu alijaribu kulifungua. Akajaribu upande wa pili.

"Mama, hiki si kitabu. Hili ni tofali."

"Ni kitabu cha ndege. Kimeharibika."

"Basi taratibu unaijua kuliko mimi. Kilichoharibika hakijarudi. Kanuni hii uliileta wewe."

"Niliileta mimi," Mama Gundi alikubali. "Na kimeharibikia kwangu. Nilimfundisha mtoto nusu ya kazi na nusu nikaificha. Andika aliyekiharibu ni mkutubi."

Makamu alimwangalia, kisha akamwangalia binti, ambaye alikuwa ameishika pini ya sketi yake. Ndani, msimamizi alikuwa ameanza kugawa maswali. "Taarifa ya mwaka huu haitasomeka kama siku zote," makamu alisema. "Unalijua hilo."

"Isomeke inavyosomeka. Mtoto anachelewa."

Alisaini karatasi akiwa ameiegemeza ukutani. Binti aliipokea kwa mikono miwili, kama walivyofundishwa wote, akabaki amesimama. Alikuwa anangoja yale maneno. Mama Gundi alielewa, na alitafuta mengine ya kusema akakosa, ikabidi amshike tu mabega na kumgeuza aelekee mlangoni. Binti akaingia. Mama yake alikaa kwenye ngazi ya nje mpaka mtihani ulipokwisha, ingawa nguo za watu zilikuwa zinamngoja.

Siku ya mkutano wa wazazi mkuu alisoma, "Maktaba: kimoja kimeharibika." Hakuna aliyepiga makofi, wala hakuna aliyeshtuka, watu walikuwa wakingoja habari za vyoo vipya. Mama Gundi aliona ajabu jinsi jambo lilivyopita upesi. Jina alilolilinda maisha yake yote lilichukua pumzi moja kuondoka, na jengo halikuanguka.

Lakini hakupata usingizi mzuri. Shule ilikuwa imefungwa, rafu zimefunikwa, vidonge vya naftalini vya kufukuza wadudu vimewekwa kwenye kona, na kwa kawaida hizo zilikuwa siku zake za kunyoosha miguu. Badala yake alianza kuona milango. Mlango wa buluu karibu na kinu, ambako bibi mmoja alimkabidhi kitabu kimefungwa kwenye kitambaa safi. Mlango wa mabati nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mama mwenye mimba aliyesema, "Hiki hapa, mwalimu, kichukue," na kufunga haraka. Kila mara kitabu kilitolewa na mtu mzima. Kila mara yeye alikipokea, akakinusa, akashukuru. Sasa alikuwa akijiuliza kwa nini mtoto mwenyewe hakukileta, na mwaka uliofuata mtoto huyo alikuwa amekaa dawati gani. Hakujua. Hata mmoja hakujua. Hakuwahi kuuliza, maana hesabu ilikuwa imetimia.

Alivumilia siku chache tu. Asubuhi moja mzee alimkuta mlangoni anafunga kamba za viatu vyake vya soli ya tairi.

"Msako si umekwisha?"

"Wa vitabu umekwisha."

Mzee alifikiri, akachukua viatu vile, akavigongea kisigino kimoja kilichokuwa kinaachia, akamrudishia bila utani.

Alianzia mlango wa mabati, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Ulikuwa umepata kutu, lakini aliyefungua alikuwa mama yuleyule aliyemkabidhi kitabu miaka ile, mvi zimeongezeka. Naye alimtambua Mama Gundi hapohapo, na uso wake ukajifunga kabla hata ya salamu.

"Kitabu chenu mlishachukua," alisema. "Wewe mwenyewe ulikuja ukakichukua."

"Najua, mama. Leo nimekuja kumuulizia mtoto."

Yule mama aliegemea mlango. Alisema yule si mtoto tena, ni mtu mzima, anapakia mizigo stendi, anarudi jioni amechoka. Alisema kitabu kile kilidondokea kwenye jiko, kikaungua pembe moja tu, na kijana akakataa kukirudisha kwa mkono wake na akakataa kurudi mwenyewe. Alisema tangu hapo hakuna mtu wa shule aliyefika pale kumuulizia. Hakuyasema kwa ukali, aliyasema kama mtu anayeeleza mvua ilinyesha lini. Kisha akatoa kigoda nje, akakifuta kwa kiganja.

"Kaa basi, umngoje."

Mama Gundi akakaa.